Noti Iliyotakata

Sijawahi kuamkiwa na kuitwa tapeli kwa pumzi moja. "Shikamoo mzee, noti yako feki."

Ilikuwa dukani, Kariakoo, foleni nyuma yangu imeshikana kama ya mwendokasi. Nimechukua kilo mbili za sukari na pakiti ya sabuni ya unga, nikatoa elfu kumi. Mimi ni Yanga wa damu, lakini hawa wekundu wa Msimbazi sijawahi kuwakataa. Kijana akaiingiza chini ya kitaa chake cha zambarau. Noti ikawaka weupe mtupu, tembo na yeye, kama kanzu ya Idi.

Hapohapo nikamjua mchawi. Jumapili mama watoto alifua suruali yangu bila kupekua mifuko. Siku nyingine zote hupekua mpaka kwenye pindo.

Karatasi ya noti ni ya pamba. Kwenye mionzi ya urujuanimno hubaki imefifia, zikawaka alama zilizofichwa tu. Karatasi ya kawaida, wanayochapia matapeli, huwaka yote kwa sababu imetiwa dawa ya kuing'arisha. Na dawa ya jamii hiyo imo kwenye sabuni za unga. Noti yangu ilikunywa povu.

Nikamweleza taratibu, pakiti ya sabuni ikiwa shahidi pale kaunta. "Mzee, taa haidanganyi." Iinue juani basi, Mwalimu yumo humo anakutazama! Hataki. Nikaingiza mkono wa shati chini ya taa, ukawaka kuliko noti.

"Na shati nalo feki?"

Akalikagua kwa makini. "Inawezekana, mzee."

Benki zipo mashine zinazotumia mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Hizo husoma wino, hazina habari nani kafua. Noti ya euro ikipigwa mionzi hiyo, sehemu kubwa ya picha hutoweka kwenye kamera na nyingine ikabaki. Ningejitetea vizuri huko, ila sukari hawauzi benki.

Nikalipa kwa simu, na makato juu. Wa nyuma yangu akatoa noti iliyoungwa kwa selotepu, imeandikwa namba ya simu ya mtu. Taa ikaipitisha.

Nyumbani nikamwekea mama watoto kielelezo mezani. Akakigeuzageuza.

"Ila imetakata," akasema, akaifunga kwenye pindo la kanga.