Shenzi Sebuleni
Mwaka 1994 Disney walipotoa The Lion King, wapanga madaraja wa Marekani waliipa G, yaani ruksa kwa umri wote, hata anayenyonya. Humo ndugu anamtupa ndugu yake korongoni akanyagwe na nyumbu, kisha anamsingizia Simba, mtoto wa marehemu. Urithi, kiti na damu. Kwetu kesi kama hiyo husikilizwa na wazee, watoto wakiwa wametumwa dukani.

Shemeji yangu, aliyekaa na rimoti mkononi kuikagua mbele ya wanawe, hakushtushwa na mauaji. Alivumilia hadi alipong'amua kwamba yule fisi jike anaitwa Shenzi. Hapo akasimamisha picha.

"Neno hili si nilikuchapia juzi?"

"Ndilo jina lake, mama," mtoto akajibu kwa adabu.

Sasa achapwe nani, Disney? Na hapo Pumbaa alikuwa bado hajatokea. (Wenzetu, nadhani, waliifungua kamusi ya Kiswahili kwenye kurasa za ugomvi.)

Filamu ikazimwa kwa ajili ya maadili. Watoto wakapelekwa kwa bibi wakasimuliwe kitu cha heshima: zimwi lililomeza kijiji kizima, watu na mbuzi wao, mpaka likapasuliwa tumbo kwa kisu. Walilala fofofo. Aliyekesha ni shemeji, peke yake sebuleni, sauti kaipunguza, akitaka kujua kama Simba alirudishiwa kiti chake.