Mvua ya Kwanza ni ya Bati

Mvua ilitujia usiku wa manane, mwishoni mwa Novemba, na mimi nilikuwa uani kabla wenzangu hawajajua kinacholia juu ya bati. Bomba la mfereji lilikuwa limegeuzwa pembeni ili maji yamwagike chini, kama Mama, mama mkwe wangu, alivyoagiza. Alishaniambia mara tatu: "Mvua ya kwanza ni ya bati, mwanangu. Ya pili ndiyo yetu."

Lakini tangu Agosti nilikuwa nanunua maji kwa dumu, naoshea vyombo, kisha yale yale namwagia mpapai. Kuyaona sasa yakichimba shimo uani kulinishinda. Nikaligeuza bomba, nikalishindilia kwenye mdomo wa tenki, nikasimama nimelowa chapa, nasikiliza maji yakilia ndani.

Asubuhi nikafunua mfuniko. Juu ya maji umetanda utando wa njano, mwembamba kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, umejikunja pembezoni. Nikauchovya kidole, nikanusa: harufu ya kichwa cha njiti ya kibiriti. Salfa. Kila kiangazi huku Lulindi mashine za kuipulizia hunguruma alfajiri mashambani, kuukinga mkorosho na ugonjwa wa ubwiri unga usiyaharibu maua, na vumbi linalobebwa na upepo halitofautishi mti na paa. Hata likilowa haliyeyuki. Linasubiri mvua ya kwanza, linashuka nayo.

Baba watoto akapiga hesabu kwa sauti. Bati letu lina mita za mraba 60, kwa hiyo kila milimita moja ya mvua ni lita 60; yaliyoingia yanapita lita 1,000. "Madumu 50," akasema, akaondoka zake. Siku mbili hatukusemeshana ila kwa kupitia watoto.

Aliyenisogelea ni Mama. Alikaa na mimi kwenye mkeka, hakunikumbusha neno lake hata mara moja. Yeye ni mtoto wa Newala, juu kwenye uwanda, ambako mchanga hunywa mvua yote na maji ya kuchota yako chini bondeni. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliiandika shida hiyo ya maji. Mama hakuhitaji kuisoma. Ameteremka ule mteremko tangu ana kimo cha mtungi.

Shemeji yangu mwalimu, aliyekuja kutupatanisha, alileta habari nyingine. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Kirk Warren Brown na Tim Kasser, waliwalinganisha watu 200 waliochagua maisha ya matumizi kidogo na wengine 200 wa maisha ya kawaida. Waliopunguza matumizi walionekana kuwa na furaha zaidi, tena mzigo wao kwa mazingira ulikuwa mwepesi. "Kwa hiyo Mama," akasema, "ninyi wa Newala mlikuwa watu wa furaha kuliko wote."

Mama alifikiri kwanza. "Hao walichagua," akasema. "Mimi kiu sikuichagua. Hakuna anayefurahia kiu." Akanyamaza, akaokota punje ya mtama kwenye mkeka. "Ila njia ile niliipenda. Tulikuwa wanane. Aliyechoka alitwishwa na mwenzie."

Maneno hayo yalinikaa moyoni kuliko utafiti, ingawa naona vinakutana. Mwaka mzima nilikuwa nabana maji peke yangu, kwa hofu, nikimkaripia kila mtoto aliyemwaga kikombe. Nyumba ilikuwa na akiba bila kuwa na raha.

Ni Mama aliyetoka kwenda kwa jirani kumpa habari ya maji yale. Jirani alikuwa ameshasimamisha miti na fito, anasubiri maji ya kukandia udongo. Jumamosi walikuja na ndoo na madumu, wanawake kwa vijana, wakapanga mstari kutoka tenki letu hadi shimo la udongo. Baba watoto akaingia ndani ya tenki na kata, akawa ananipa ndoo mkononi. Ndoo ya tatu akaniambia, "Shika vizuri, Mama watoto," na nikajua yamekwisha. Jioni ukuta mmoja ulikuwa umekandikwa, na maji ya mwisho, yale mazito ya chini, tukayamwaga kwenye mashina ya mikorosho.

Mvua ya pili ilikuja baada ya siku tisa, mchana, bomba likiwa pembeni. Tulisimama wote barazani. Kitindamimba wangu akawa anakinga maji kwenye bakuli jeupe, anamletea bibi yake ayatazame, anayamwaga, anarudi tena. Bakuli la nne Mama aliliinua kwenye mwanga, akanywa funda moja.

"Geuza," akasema.