Bampa Si Bati

Simama kando ya foleni yoyote ya Dar es Salaam jioni, uzitazame bampa za nyuma. Rangi imebanduka vipande vizima, na chini yake plastiki nyeusi inang'aa bila chembe ya rangi iliyobaki. Mwenye gari husema ameuziwa rangi feki. Mimi naitetea rangi. Rangi iliyoshika ikichunwa huacha mabaki. Hii imeondoka kama mgeni ambaye hakufungua hata begi, kwa sababu hakuna aliyeiandalia pa kukaa.

Geuza bampa usome upande wa ndani. Nyingi zimepigwa chapa ya PP+EPDM, yaani polipropilini iliyochanganywa na mpira, ili ikigongwa ipinde kisha irudi. Plastiki hiyo kwa asili haikubali kushikwa na gundi wala rangi, ndiyo maana ipo praima yake maalumu. Fundi aliyezoea milango na boneti anaipaka puti ileile ya bati, ambayo ikikauka huwa ngumu. Siku bodaboda ikiiegemea, bampa inapinda, puti inakataa, na ubishi wao unaonekana kwa ufa. Tena mara nyingi huwa amepiga msasa kabla ya kuosha, hivyo nta na mafuta yote ameyasugulia ndani ya mikwaruzo.

Fundi atajibu kwamba kazi yake ni hiyo miaka yote na wateja hawarudi kulalamika. Mlangoni puti inadumu kweli, maana mlango haupindi; na mteja asiyerudi huenda yuko gereji ya jirani. Wengine watalia gharama. Sabuni na maji ni bei gani? Bampa iliyobonyea bila kupasuka, mara nyingi maji ya moto na mkono unaosukuma kutoka ndani huirudisha, puti isihitajike kabisa. Pesa itoke penye mkwaruzo wa kina: osha, pangusa mafuta, piga msasa, lainisha manyoya ya plastiki yanayosimama, paka praima ya plastiki, ndipo uweke puti inayopinda. Na anayesema gari lenyewe limechoka, ya nini yote hayo, namuunga mkono: auache mkwaruzo ulivyo. Kichekesho ni yule anayebishana nusu saa dukani kuhusu nyeupe ya kawaida na nyeupe ya lulu, halafu anamhimiza fundi arukie kwenye rangi kwa kuwa ana harusi Jumamosi. Ndugu yangu, nenda harusini na mkwaruzo wako. Gari lipeleke gereji Jumatatu, na praima ya plastiki ununue mwenyewe.