Simba Juu ya Kochi

Akina baba wana raha yao: mtoto wa kiume akizaliwa, lazima apewe jina la kunguruma. Abbas, simba. Haidar, simba tena. Usama, simba vilevile. Waarabu walimpa mnyama huyo majina tele, nasi pwani tukayapokea bila kuuliza anakula nini. Wakristo nao wanaye Leonard, mwenye nguvu za simba, jina la Wajerumani wa kale. Hivyo darasa moja la chekechea ni mbuga nzima, na mwalimu mmoja mfupi anawanyamazisha wote kwa kukohoa.

Anayenifurahisha zaidi ni Andrea. Wagiriki walilichonga kutokana na mwanamume mwenyewe, uanaume usiotiwa maji. Huku kwetu analivaa mzee wa kanisa mwenye ndevu. Nenda Ujerumani sasa: Andrea ni mama wa watu, ana hereni na mkoba, wala hajapungukiwa na kitu.

Turudi kwa simba wetu. Mende akikatiza sebuleni usiku, Haidar yuko juu ya kochi, anamwita Halima. Halima maana yake mpole. Anakuja na kandambili.