Joto Lilivyotuzungusha Nyumba Nzima

Kifungua mimba wetu alipomaliza kidato cha nne alikuwa na pesa zake mwenyewe, alizozipata kwa kufuga na kuuza sungura. Wenzake walinunua simu. Yeye alitaka kompyuta ya gemu, na alitaka kuiunda kwa mikono yake. Vipande vilikuja kimoja kimoja kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, vikisafirishwa na matatu kama vifurushi, nami nikawa navichukua stejini nikitoka kazini. Sanduku lilitokana na kompyuta ya ofisi iliyokufa zamani. Prosesa ilikuwa Core i5-2500K, ambayo Intel iliitoa Januari 2011, kijana mwenyewe akiwa hajajua hata kuandika jina lake vizuri.

Herufi hiyo K ndiyo iliyomfanya aichague. Prosesa nyingi za Intel hutoka kiwandani zimefungwa, kasi yake haiguswi. Zenye K zimeachwa wazi. Kasi hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya msingi, megahezi 100, kwa namba fulani; kwa prosesa yake namba ya kiwandani ni 33, yaani gigahezi 3.3. Mwenye bodi mama inayoruhusu huingia kwenye bayosi, mipangilio ya ndani ya mashine, akaandika namba kubwa zaidi, na mashine ikakimbia kuliko ilivyouzwa. Vijana wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1998 walinunua Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300, wakaifikisha 450 na kuishindanisha na zile za matajiri. Mwaka 2011 mafundi wa AMD waliifikisha FX-8150 gigahezi 8.429 kwa kuipoza kwa heliamu ya kimiminika, rekodi iliyotambuliwa na Guinness.

Nilimuunga mkono tangu siku ya kwanza. Mtoto anayetaka kujua kitu chake kinafanyaje kazi hakatizwi. Na kukichukua kifaa ambacho wengine wamekitupa, ukakifanya kishindane na kipya, ni ujuzi ambao nchi yetu inauhitaji sana. Lakini ujuzi huo una sharti moja, na sharti hilo tulilijua nyumba nzima, kila mmoja kwa zamu yake: joto haliuawi, huhamishwa tu.

Kijana alipandisha namba kutoka 33 hadi 45. Mashine ikawa inazimika, kwa hiyo akaongeza na volti, kutoka 1.2 hivi hadi 1.4. Hapo ndipo hesabu inapouma. Joto la prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa ukali zaidi, maana volti huzidishwa kwa yenyewe. Kasi iliongezeka kwa asilimia 36. Volti nayo ikaleta asilimia 36 nyingine juu ya hiyo. Prosesa iliyopimiwa wati 95 sasa ilikuwa inaelekea wati 175, zote zikitoka kwenye kipande cha silikoni cha milimita mraba 216. Programu ya kupima joto ilionyesha nyuzi 90 na zaidi. Ikifika 98, prosesa hiyo hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kasi yote aliyoitafuta inapotea palepale.

Watu walimwambia hana sababu ya kuhangaika, Makutano yetu ya Meru ni baridi. Ni kweli, Julai hapa kwetu kwenye mteremko wa Mlima Kenya hutoki nje bila sweta. Lakini tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya mwinuko huu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi. Feni ikizunguka kwa mwendo uleule hapa na Mombasa, inasukuma ujazo uleule wa hewa, ila hewa ya kwetu inabeba joto pungufu. Baridi inatusaidia kwa mkono mmoja na mwinuko unatunyang'anya kwa mwingine.

Kisa cha kwanza kilikuwa cha vumbi. Aling'oa ubavu wa sanduku, akaiweka feni ya kusimama mbele yake, ipulize moja kwa moja ndani. Nyuzi zikashuka, na nyumba nzima ikapongeza. Paka naye akagundua kwamba juu ya sanduku kuna ujoto, akahamia hapo. Baada ya wiki kadhaa joto lilirudi pale lilipokuwa, kisha likapita. Nilimmulikia kwa tochi ya simu alipofungua kipoza joto. Katikati ya mapezi ya alumini kulikuwa na tabaka jekundu, udongo wetu uliosagwa na magari ya barabarani, umeshikana na manyoya ya paka. Aliuvuta kwa kibano na ukatoka mzima, kipande kimoja, na upande wake wa ndani una mistari iliyonyooka ya kila pezi. Hewa ilikuwa haina pa kupita. Feni iliyoletwa kusaidia ndiyo iliyokuwa ikilisukumia vumbi humo mchana na usiku.

Kisa cha pili alikileta binamu yake kutoka Nkubu. Ukishafungua kipoza joto, huwezi kukirudisha hivihivi. Uso wa prosesa na uso wa kipoza huonekana laini kwa macho, kumbe zina mashimo madogo yanayonasa hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Ndiyo maana hupakwa pesti maalumu, tone dogo la kujaza mashimo hayo. Pesti ilikuwa imekwisha na duka lilikuwa limefungwa. Binamu akasema dawa ya meno inatosha. Na ilitosha, jioni ile. Dawa ya meno ni laini, ina maji, inajaza mashimo vizuri kabisa, na nyuzi zilishuka mbele ya macho yetu. Lakini maji yake hukauka kwa joto. Haukupita muda mrefu ikawa unga mweupe uliopasukapasuka, na kati ya nyufa hewa ikarudi. Kijana alikaa asubuhi nzima akiisugua kwa pamba na spiriti hadi shaba ikaonekana. Siku hizo tulikuwa tukipiga mswaki kwa zamu, kwa maana tyubu ya nyumba ndiyo iliyotumika.

Kisa cha tatu ndicho kilichotikisa nyumba. Chumba chetu cha baridi kuliko vyote ni stoo iliyo nyuma ya jikoni, ya mawe, haipigwi na jua. Humo mama mkwe wangu huweka ndizi zake. Yeye ni mfanyabiashara wa ndizi mbichi, anazikusanya kwa wakulima na kuwauzia wanunuzi wanaokuja soko la Gakoromone. Ndizi ya kusafiri lazima iwe kijani, ngumu. Ikianza kuwa njano haina soko kwa mtu anayeipeleka Nairobi.

Kijana alimwomba, "Nyanya, nipe pembe moja tu ya stoo." Nyanya akampa, kwa kuwa hajawahi kumnyima mjukuu kitu. Meza ikaingia, mashine ikaingia, mlango ukafungwa ili baridi isitoke. Wiki ile alikuwa akitengeneza video za mechi za Tekken kwa ajili ya marafiki zake, mchezo alioupenda tangu aliposikia habari za Sylvia Gathoni, yule Queen Arrow, Mkenya aliyesajiliwa na timu ya nje mwaka 2018. Video hizo mashine ilizichakata usiku kucha. Prosesa iliyosukumwa, na kadi ya grafiki ya GTX 1060 inayokula wati 120, na vingine vyote, vilipita wati 300. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi. Tulikuwa tumezifungia ndizi pamoja na watu watatu wasiotoka.

Asubuhi niliitwa. "Mama watoto, njoo unuse stoo yangu." Harufu ilinipokea kabla ya kufika mlangoni, harufu tamu ya ndizi zilizoiva. Mikungu iliyokuwa karibu na meza ilikuwa njano tayari, ya nyuma ikifuatia. Ndizi ikianza kuiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huziamsha zile za jirani. Chumba kikiwa kimefungwa na kina joto, zote huenda kwa pamoja. Kwenye meli ndizi hupozwa hadi nyuzi 13 au 14 ili zifike zikiwa kijani. Stoo yetu ilikuwa imegeuzwa kinyume chake.

Mama mkwe hakupaza sauti. Alimwita mjukuu wake akamwonyesha mkungu mmoja baada ya mwingine, akimtajia kila mmoja ulitoka shamba la nani na alilipa ngapi. Kijana alisikiliza hadi wa mwisho. Tulikula ndizi, tukawagawia majirani, tukapeleka kanisani, tukapeleka chamani, na nyingine zikaliwa na mbuzi. Hasara ilibaki kuwa hasara. Msimu ule wote, kila siku ya soko, kijana aliamka alfajiri akambebea nyanya yake mikungu hadi Gakoromone, bila kuambiwa mara mbili.

Mashine ikarudishwa sebuleni, na hapo kikaja kisa cha nne. Jumamosi jioni ndipo nguo za kanisani hupigwa pasi, ndipo kila nyumba hupika, na umeme hushuka nguvu hadi taa zinafifia. Umeme ukishuka, mashine huvuta mkondo mkubwa zaidi ili ipate wati zilezile. Pawasaplai ya kijana ilikuwa imeandikwa wati 500, lakini ukiipima mkononi ilikuwa nyepesi mno, na uzito mdogo wa kifaa hicho mara nyingi ni ishara kwamba kilichoandikwa nje hakimo ndani. Ililia mara moja, harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa, swichi kuu ikakatika, tukawa gizani.

Sisi wa Meru na Embu tunakijua kisa kikubwa cha namna hiyo. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliingia kwenye kituo cha Gitaru, mojawapo ya mabwawa ya Mto Tana, akaangukia transfoma. Mashine nyingine za kituo zikabebeshwa mzigo ule, zikazidiwa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alipona. Baba watoto alikumbusha habari hiyo palepale gizani, akimulika kwa simu, kwa sauti ya upole ambayo sisi wote tuliihitaji. Mzigo ukikataliwa mahali pamoja, alisema, utamwangukia mwingine.

Yeye ni dereva wa lori, ameipanda njia ya Embu hadi Meru maisha yake yote, na bonde la Nithi analijua kona kwa kona. Alimwambia mwanawe, "Gari likichemka mlimani, dereva haongezi mafuta. Anapunguza gia, halafu anasimama kuangalia rejeta." Kisha akamtaka achukue karatasi, achore njia yote ambayo joto linapitia, kuanzia prosesa hadi nje ya nyumba, na aandike ni nani anakaa kwenye kila kituo.

Karatasi hiyo ndiyo iliyotuponya. Kijana alianza kwa kushusha namba kutoka 45 hadi 42 na volti kutoka 1.4 hadi 1.25. Kasi aliyoipoteza haifiki hata asilimia 7. Joto lilipungua kwa karibu robo. Sijaona mahali pengine ambapo kuacha kidogo kunalipa kiasi hicho, na ningependa kila kijana anayeanza kazi hii aifanye hesabu hiyo kabla ya kununua chochote. Pawasaplai mpya aliinunua nzito, ya kampuni inayoeleza wazi imepimwaje. Kipoza alikipata cha mitumba, mnara wenye mabomba ya shaba. Ndani ya kila bomba mna maji kidogo tu na hewa imeondolewa. Maji huchemka upande wa prosesa, mvuke hukimbilia kwenye mapezi, hupoa, hurudi kuwa maji na kuanza upya, bila pampu wala kelele. Pesti akaipaka ya kweli, tone dogo kiasi cha punje ya dengu.

Ubavu wa sanduku ulirudishwa, maana hewa isiyo na njia maalumu huzunguka palepale. Feni mbili mbele chini zinaingiza, moja nyuma juu inatoa, kwa kuwa hewa moto hupanda yenyewe na haina haja ya kulazimishwa kushuka. Mbele ya feni zinazoingiza alinyoosha soksi yangu ya nailoni ikawa chujio. Kila mwisho wa wiki anaivua, anaifua na vumbi jekundu linatoka majini. Meza iko chini ya dirisha lenye tundu la juu, na tundu hilo halizibwi hata mvua za Novemba zikinyesha. Jumamosi pasi ikiwashwa, mashine inapumzika. Leo, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, haivuki nyuzi 70.

Vijana wa hapa Makutano wamesikia, na sasa wanamletea mashine zao. Wengi huuliza wanunue feni gani. Yeye huwauliza kwanza mashine imekaa wapi, na chumba hicho ni cha nani. Najivunia swali hilo kuliko gigahezi zake zote. Anayetaka kuisukuma prosesa yake na aisukume, ni haki yake na ni elimu. Ila kabla ya kuandika namba mpya kwenye bayosi aifuate njia ya joto: kutoka prosesa hadi kipoza, kutoka kipoza hadi sandukuni, kutoka sandukuni hadi chumbani, kutoka chumbani hadi nje. Palipoziba ndipo pa kuanzia kazi. Na kama njia hiyo inapita kwenye chumba ambacho mtu analala, anapika au anahifadhi mali yake, basi amwombe ruhusa mtu huyo akijua kabisa anamwomba abebe nini.