Posa ya Bwana Date

Wazee wangu, nimekuja kwa jambo la kheri, na barua nimeifunga kwenye leso pamoja na kishika uchumba, kama ada inavyotaka. Binti tunayemposa ni tovuti yenu mpya, ile mnayotaka ipokee maombi, ikumbushe watu madeni na ipange miadi. Kijana wetu ni Date, mtunza tarehe na saa wa lugha ya JavaScript. Najua habari zake zimetangulia kufika hapa. Yupo mtoto wa jirani yenu anayeandika programu, na kila akisikia jina hili hushika kichwa. Lakini mshenga hatumwi kukubaliana na majirani. Niruhusuni nizitaje sifa za kijana moja baada ya nyingine, na pale mtakapoona nimetia chumvi, jueni ni kiasi cha kukoleza tu.

Naanza na ukoo, maana ndilo swali lenu la kwanza. Lugha yake ilizaliwa mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape, huko Marekani. Brendan Eich aliitengeneza kwa mara ya kwanza ndani ya siku 10 za mwezi Mei, naye aliagizwa aifananishe na Java, iliyokuwa ikitamba wakati ule. Siku 10 hazitoshi hata kwa vikao vya harusi. Kwa hiyo mambo ya tarehe hayakubuniwa upya. Yalinakiliwa kutoka Java yalivyo. Mwaka 1997 Java yenyewe, katika toleo lake la 1.1, ikatangaza kwamba mengi kati ya hayo yasitumike tena. Baba alijirekebisha. Mtoto, aliyekwisha kuhamia nyumba nyingine, hakuacha hata chembe ya urithi wake. Mnalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawashiki mila? Huyu anashika hadi mila ambazo wazee wake wamezitupa.

Pili, hana makuu. Muulizeni Januari ni mwezi wa ngapi, atajibu: sifuri. Desemba atawaambia ni 11. Siku za mwezi anazianza na moja kama sisi, ila miezi anaianza na sifuri, na siku za juma pia, ambapo sifuri ni Jumapili. Msimcheke. Sisi tunahesabu juma kuanzia Jumamosi, siku ya kwanza, kisha Jumapili ya pili, hadi Jumatano ya tano. Baada ya hapo tunapokea Alhamisi, jina lililotoka Kiarabu, ambako maana yake ni siku ya tano. Kwa hiyo juma letu lina tano mbili zinazofuatana, na hakuna aliyewahi kupotea njia ya sokoni kwa sababu hiyo. Jamii iliyoishi na tano mbili karne kwa karne haiwezi kumnyima mke kijana kwa ajili ya sifuri moja. Tena hesabu yake na yetu zinapatana: chukueni namba ya siku anayowapa, ongezeni mbili, mtapata jina letu. Sifuri inakuwa Jumapili, moja inakuwa Jumatatu, mbili inakuwa Jumanne. Mkifika Alhamisi hesabu inakwama, lakini hapo tulikwama sisi, si yeye.

Tatu, ni mkarimu, hamrudishi mgeni mlangoni. Mpeni tarehe 30 Februari 2024. Mwingine angefoka kwamba siku hiyo haipo. Yeye anaipokea, anaikalisha, anaiandalia chai, kisha kwa adabu anaisindikiza hadi tarehe 1 Machi. Ukarimu huo nimeuonja mwenyewe. Kikundi fulani cha kukopeshana kiliniomba niwatengenezee programu ya kuwakumbusha wanachama siku ya marejesho, ambayo ilikuwa mwisho wa mwezi. Nikaanza na tarehe 31 Januari 2023, nikamwambia Date asogeze mwezi mmoja mbele. Akatafuta 31 Februari, akaikosa, akahesabu siku zilizozidi na kutua tarehe 3 Machi. Februari ikapita bila ujumbe hata mmoja. Wanachama walinisifu sana mwezi ule. Mweka hazina peke yake ndiye aliyenipigia simu: “Mwanangu, Februari umeipeleka wapi?” Sikuwa na jibu. Na kwa kuwa kila mwezi mpya ulihesabiwa kutoka ule uliotangulia, marejesho yote ya mwaka mzima yakahamia tarehe 3. Niambieni, wazee, ni mkwe gani mwingine awezaye kuwaongezea wadaiwa siku bila kikao wala muhtasari?

Nne, anajua kusoma, tena kwa lahaja zaidi ya moja. Mwandikieni “2024-03-05”, kwa vistari, ataelewa kuwa ni usiku wa manane wa Greenwich. Mwandikieni “2024/03/05”, kwa mikwaju, naye ataelewa kuwa ni usiku wa manane wa hapo alipo. Tarehe ni ileile. Kilichobadilika ni alama. Hapa Dar es Salaam hamtaona tofauti, kwa sababu manane ya Greenwich kwetu ni saa tisa usiku wa siku hiyohiyo. Lakini mpwa wenu aliye New York akifungua ukurasa uleule, ataambiwa kwamba ni tarehe 4, saa moja jioni. Kama ndiyo tarehe yake ya kuzaliwa, amezaliwa upya siku moja kabla ya siku aliyozaliwa, na mama yake hakusikia uchungu wowote.

Mkimwandikia kwa desturi yetu, siku kwanza kisha mwezi, ataonyesha elimu yake ya Marekani. “03/04/2024” kwenu ni tarehe 3 Aprili. Yeye atasoma tarehe 4 Machi, bila kuuliza. Aliyezaliwa tarehe 13 au zaidi atajibiwa kwa maneno mawili ya Kiingereza kwamba tarehe yake ni batili. Hivyo kijana wetu amewagawa wanadamu makundi mawili: wa mwanzo wa mwezi, anaowabadilishia siku ya kuzaliwa kimyakimya, na wa katikati na mwisho, anaowaambia waziwazi kwamba hawakuzaliwa. Mimi ni wa kundi la pili, nami nashukuru. Afadhali anayekukana usoni.

Tano, ana umri mrefu. Anahesabu milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na hesabu yake inafika hadi tarehe 13 Septemba mwaka 275760. Zipo kompyuta ambazo huhesabu sekunde kwa biti 32, na hizo zitafikia ukingoni tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa zetu. Kijana atakwenda kuwazika wenzake na kurudi kazini. Kweli, karne zilimsumbua kidogo utotoni. Alikuwa na amri ya kutaja mwaka iliyotoa miaka iliyopita tangu 1900. Watu wakazoea kuitangulizia “19”, na alfajiri ya mwaka 2000 kurasa kadhaa duniani zikatangaza kwamba tumeingia mwaka 19100. Amri ile bado anayo, ili asisahau. Na hadi leo, mkimpa mwaka 5 kwa tarakimu tupu, ataandika 1905. Mjukuu wenu wa 2005 atapata pensheni kabla ya ajira.

Sita, hana ubaguzi wa mikono. Mkabidhini kazi yoyote ndani ya programu, naye yuko tayari kubadilika aendako. Kipande kimoja cha msimbo kikimwazima ili kitazame tu siku ya kesho, chaweza kumrudisha akiwa kesho kweli, na wote waliokuwa wakimtegemea watajikuta kesho pamoja naye. Mume wa namna hii hamtaweza kumlaumu kwamba hasikilizi.

Saba, na hapa nawaomba mnisogelee, ni mnyenyekevu katika kujitaja mahali alipo. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya Greenwich. Mwulizeni tofauti hiyo kwa dakika, atasema hasi 180, kana kwamba tuko nyuma. Ndivyo alivyofundishwa: yeye huhesabu umbali wa kutoka kwetu kwenda kwao. Waandika programu wengi wa kwetu humaliza suala hili kwa kujumlisha tatu na kwenda kulala, maana hatuna saa za kiangazi wala za baridi. Kisha siku moja anatokea mteja wa Bujumbura. Ziwa Tanganyika ni moja, Kiswahili kinasikika kote kuwili, lakini Kigoma ikiwa saa moja asubuhi, Bujumbura ni saa kumi na mbili. Au anatokea mzee anayetaka kumbukumbu za zamani, na mwandika programu anagundua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1940 Nairobi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Au anapokea miadi ya nchi ya Samoa ya tarehe 30 Desemba 2011, siku ambayo Samoa iliivuka kabisa ilipohama upande wa mstari wa tarehe. Hayo hakuyatunga Date. Serikali ziliamua, na yeye huangushiwa lawama kama tarishi aliyeleta barua ya madeni.

Najua kuna wachumba wengine. Moment alikuja mwaka 2011, akawafaa wengi, lakini mwaka 2020 waliomtunza wenyewe walishauri miradi mipya itafute mwingine. Sasa wanamsifu Temporal, aliyevumiliwa kwa miaka mingi ya vikao na kuanza kuonekana katika vivinjari mwaka 2025, Firefox ikitangulia. Huyo miezi anaianza na moja. Akiazimwa habadiliki. Ukimwongezea mwezi mmoja kwenye 31 Januari, anasimama mwisho wa Februari, na kikundi changu cha mikopo kingelipa. Tena ni mdadisi: hakubali kupokea saa mpaka aambiwe kama ni saa tupu ya ukutani au ni saa ya mji fulani. Jamani, mwanamume wa kuuliza maswali hivyo kabla ya kuingia ndani mtaweza kukaa naye?

Lakini nikiri jambo moja, kwa kuwa leso bado mnayo mkononi. Swali hilo la Temporal ninalifahamu tangu utoto. Tulikua tukiliuliza kila siku: “Saa mbili ya Kiswahili au ya Kizungu?” Wenzetu wa mbali hulijifunza baada ya kupoteza siku nzima katika hifadhidata. Sisi tulilishika kwa kutumwa dukani, kwa kukosa basi, kwa kufika shuleni geti limefungwa. Tunajua kwamba namba pekee haisemi wakati mpaka useme ni ya nani, na inahesabiwa kutoka wapi: kutoka usiku wa manane au kutoka mapambazuko. Date amekosa swali hilo tu. Mengine yote niliyowasimulia ni matawi ya shina hilo. Anapokea chochote kutoka kwa yeyote, na kwa heshima iliyopitiliza, hathubutu kuuliza.

Na hata hao wanaouliza, hakuna aliyetufikia bado. Vivinjari vinajua kuandika “Januari” na “Jumamosi”, vinajua hata “asubuhi” na “usiku”. Lakini katika herufi zote za kupangia saa hamna hata moja inayohesabu kutoka alfajiri, ambayo ikipewa 7:00 itaandika saa moja. Hesabu hiyo ya sita tunaifanya kichwani, simu ikiwa mkononi, bila kujua kwamba tunafanya kazi.

Basi, wazee wangu, nimemaliza. Mkiridhia, kijana atakuja kujitambulisha Jumamosi, saa nane mchana, na chakula ni juu yenu. Nimeshamwandikia miadi kwa mkono wangu: Jumamosi, 8:00. Mkimsikia anabisha hodi saa mbili asubuhi, mnafagia uwanja na vyombo vya jana havijaoshwa, mkaribisheni tu. Amefika kwa wakati.