Sita kwa Sita Ndani ya Kumi kwa Kumi

Nyumba yetu ina vyumba vinne, ila huwezi kuvikuta vyote kwa wakati mmoja. Saa kumi na mbili asubuhi ni chumba cha kuvalia, na aliyewahi kusimama ndiye mwenye sakafu. Saa nne ni sebule, hodi ruksa. Mvua ikinyesha jioni ni jiko, kwa sababu jiko la uani linavuja. Saa nne usiku meza inapandishwa juu ya sofa, sofa inasukumwa hadi mlangoni, mkeka na godoro la watoto vinatandikwa, na hapo ni chumba cha kulala. Kuanzia saa hiyo mlango haufunguki tena mpaka kuche, kwa hiyo mwenye haja ya uani aende mapema. Watu waliotuzoea hawaulizi kama tupo. Wanauliza saa hizi kwenu ni wapi.

Tunaishi Mwananyamala, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma uani kwenye choo, bafu na jiko la wote. Kila mlango una familia yake. Chumba chetu mwenye nyumba alikipata kwa kugawa chumba kikubwa kwa plaiwudi, na plaiwudi yenyewe haikufika juu. Dari hakuna. Kuta zote zimekoma njiani, na juu yake bati ni letu sote. Ukipiga chafya usiku, utaombewa afya na vyumba ambavyo hujawahi kuingia.

Siku ya kuonyeshwa chumba, dalali alisimama katikati, akanyoosha mikono na kusema, "Bosi, hapa hata gari linaingia." Chumba kitupu kina uongo wake. Ukitaka kukijua, kipigie hesabu. Futi kumi kwa kumi ni futi 100 za mraba. Kitanda cha sita kwa sita kinakula 36, zaidi ya theluthi ya nyumba, na bado hujaweka ndoo. Cha tano kwa sita kinakula 30. Cha nne kwa sita kinakula 24, na nilipokitaja, mke wangu aliuliza kama nategemea kupata kazi ya ulinzi wa usiku. Mlango nao, kwa kuwa unafungukia ndani, unafagia futi za mraba kama tano ambazo hakuna kiumbe anayeruhusiwa kukaa. Hoja zangu zilikuwa nzuri. Lakini sita kwa sita ilikuwa imeshajadiliwa ukweni, na mimi nilikuwa mmoja dhidi ya mashangazi.

Kitanda kilichongwa Keko, wanakochongewa watu fanicha zao. Nilitaka chenye droo mbili upande mmoja, tutunzie vitu. Nikamweleza fundi, nikamwonyesha kwa mikono, naye akasema, "Nimekuelewa, bosi." Kilikuja vipande vipande kwa guta, kikaungwa humo humo ndani, na tangu siku hiyo kimekuwa sehemu ya jengo. Droo zipo. Ni nzuri, zina vishikio vya shaba, na zinatazama ukuta. Fundi alizipanga kwa kufuata mkono wa kulia wa mtu aliyelala. Mimi nilikuwa namzungumzia mtu aliyeingia. Siku ya kuunga tulikuwa tumeshaweka humo vyeti vyetu vyote. Leo mtu akitaka kuthibitisha kwamba mimi na mke wangu tumeoana, itabidi kwanza atoe sofa nje.

Vyombo navyo vina historia. Kabla ya ndoa mke wangu alifanyiwa kichen pati, na kichen pati ya Dar, kwa asiyeijua, ni mkutano wa wanawake kumkabidhi bibi harusi vyombo vya hoteli. Alirudi na sufuria za kila kimo, hotpoti za kupakulia msiba mzima, jagi, seti za vikombe, seti za sahani, na mashine ya kukatia viazi ambayo mpaka leo hatujawa na viazi vya hadhi yake. Hakuna aliyeuliza vitakaa wapi. Zawadi hizo hutolewa kwa imani kwamba kila ndoa inafuatana na jiko lenye makabati. Zikaingia mvunguni.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema ainame mpaka wapi. Kwetu mvungu ndio ghala, na ghala lina ramani, na ramani iko kichwani kwa mke wangu peke yake. "Ingia mpaka kwenye mchele," ananielekeza akiwa amekaa juu, "pinda kushoto penye hotpoti, utakuta boksi la vikombe, tochi iko nyuma yake." Hiyo ni siku ambayo LUKU imeisha na giza limetanda. Ninaihitaji tochi hiyo ili niende nikaitafute.

Ili kupata nafasi zaidi tuliinua kitanda kwa matofali ya inchi sita. Mvungu ukapanuka, ghala likajaa siku hiyo hiyo, na kitanda kikafika juu kiasi kwamba mgeni akikaa miguu inaning'inia. Pia kililisogelea pangaboi. Sasa hivi kutandika shuka kunahitaji watu wawili: mmoja wa kutandika na mwingine wa kushika swichi.

Friji halinisumbui sana. Mlango wake unakutana na kitanda ukiwa umefunguka robo, kwa hiyo tunanunua vitu vyembamba. Samaki anaingia kwa ubavu. Tikiti maji tunalikatia korido, na kwa kuwa korido ni ya wote, tikiti maji nalo ni la wote.

Kinachonipa moyo ni kwamba tatizo hili pwani yetu inalijua siku nyingi. Nyumba kongwe za mawe kule Lamu zina vyumba virefu vyembamba, na si kwa kupenda. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko boriti inavyofika, ambayo kwa kawaida haizidi mita tatu. Matajiri wa karne ya 18, wenye majahazi na mashamba, walilala kwenye chumba chenye upana wa changu. Tofauti ni kwamba wao waliingia ukutani. Walijenga zidaka, visanduku vya chokaa vilivyochongwa vizuri ndani ya kuta, safu juu ya safu, wakapanga humo vyombo vya kaure kutoka China, wageni wavione. Nami ninayo shokesi, ndani yake mna vikombe kutoka China, na wageni wanaviona. Baada ya miaka yote hiyo, bado havinywewi.

Basi nikasema, kama wazee waliutumia ukuta, nami nitautumia. Nikanunua misumari mirefu ya kutundikia mabegi na suti yangu ya harusi. Nilichosahau ni plaiwudi. Wazee wa Lamu walikuwa na ukuta wa mawe ya matumbawe; msumari wangu uliingia kwetu ukatokea kwa jirani. Nilisubiri malalamiko. Kimya. Jioni nikaenda kumwona nimwombe radhi, nikakuta ametundika shati lake la kazini upande wa pili wa msumari ule ule, limepigwa pasi, limekaa vizuri. "Fundi wako yuko makini," akaniambia. "Akirudi, mwambie anitolee mwingine hapa, wa taulo."

Sasa nifike kwenye pazia, maana ndilo linalofanya chumba kiitwe chumba na sebule. Pazia letu limepita katikati juu ya waya: upande wa mlangoni ni sofa na shokesi, upande wa ndani ni kitanda na mambo ya familia. Likitulia, mgeni anaweza kukaa, akanywa soda, akaondoka akiamini nyuma yake kuna korido inayoelekea kwenye vyumba vingine. Likitulia. Lakini Dar mwezi wa Desemba huwezi kumkaribisha mtu ukamnyima pangaboi. Ukiwasha, pazia linapaa hadi usawa wa macho na kitanda chote kinajitambulisha, pamoja na nguo zilizotupwa juu yake saa ya kusikia hodi. Ukizima, stara inarudi na mgeni anayeyuka. Nimeona familia nyingi za mjini zikihangaikia uamuzi huu, zinawasha kidogo, zinazima, zinawasha. Namba moja halivumi. Namba mbili linapeperusha. Hakuna namba moja na nusu.

Mama mkwe alikuja kutoka Singida Desemba, bila kupiga simu, saa ambayo chumba kilikuwa bado cha kuvalia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimevaa taulo. Mke wangu alimpokea, akamkalisha kwenye sofa, na kwa heshima zote akamwashia pangaboi. Kwenye namba mbili.

Sitaeleza nilichofanya. Nitaeleza alichofanya yeye: aliinua macho kwenye bati, akayaacha huko huko, na kwa sauti ya utulivu akasema, "Mnalo pangaboi lenye nguvu." Nikajibu kutoka chini, upande wa pili wa kitanda, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba baba. Utakuja kunisalimia ukimaliza."

Mchana huo huo mke wangu alipindia makufuli mabovu kwenye upindo wa pazia, kulipa uzito. Lilitulia kwa namba mbili, na hata tatu. Nilimpongeza mbele ya mama yake.

Palibaki suala la kulala. Mkwe na mama mkwe hawalali chumba kimoja, hata pazia likiwa na makufuli, hivyo nilihamia kwenye geto la kijana wa bodaboda, chumba cha mbele. Chumba chake nacho ni kumi kwa kumi, nimekipima kwa macho. Ndani mna godoro, spika na helmeti. Nilitembea humo. Nilinyoosha mikono pande zote mbili nisiguse kitu, nikamwelewa dalali. Kijana alinitazama kwa huruma akanitandikia. Usingizi haukuja, kwa sababu kila nilipogeuka hapakuwa na kitu cha kunizuia.

Kwa hiyo nilikuwa macho niliposikia mambo yakianza nyumbani kwangu. Mama mkwe hakuja mikono mitupu. Mtu wa Singida haji bila kuku wa kienyeji. Alileta jogoo kwenye tenga, jogoo akawekwa mvunguni kati ya mchele na hotpoti. Pangaboi liliachwa linazunguka kwa ajili ya joto. Upepo ukalisukuma pazia polepole, na makufuli yakaanza kugonga plaiwudi ya jirani: ko, ko, ko.

"Karibu," akasema jirani, usingizini.

Ko, ko, ko.

"Karibu ndani, mlango uko wazi!"

Sauti ya mtu mzima ikikaribisha usiku ikamwamsha jogoo, naye akawika kama ilivyo kazi yake, na kwa kuwa kuta zimeishia njiani, akaziwikia familia sita kwa mpigo. Mtoto akalia chumba cha pili. Mzee wa chumba cha mwisho akatoka kutawadha, akarudi akilalamika kwamba adhana haijatoka. Mtu akauliza kwa ukali nani anafuga kuku ndani ya nyumba ya watu. Ndipo ikasikika sauti ya mama mkwe, imepita juu ya plaiwudi na juu ya vyumba vyote, haina haraka: "Ni wenu, wanangu. Kesho mtamla. Laleni."

Kesho yake tulimla kweli, wote, korido nzima, na hotpoti za kichen pati zikatoka mvunguni kwa mara ya kwanza. Aliyeuliza nani anafuga kuku alikuja na sahani kubwa.

Nilidhani baada ya usiku ule angeondoka na simulizi ya shida zetu. Siku ya kumsindikiza stendi ya Magufuli kule Mbezi, alikigeukia chumba mlangoni, akakiangalia juu na chini. "Mungu amewajalia nafasi," akasema. "Huo mvungu peke yake familia nyingine wangeupangisha." Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeaga tu, kwamba Januari shule zikifunguliwa atawaleta watoto wawili wa shemeji yangu waanze darasa la kwanza huku mjini. Mke wangu akasema, "Karibuni sana, mama," na sura yake ilikuwa tayari inapima ukuta.

Nimekwenda Keko. Tumeafikiana kitanda cha deka, cha futi mbili na nusu, kiende juu badala ya kupanuka, kisifike kwenye pangaboi, ngazi yake iwe upande wa sebule. Nimemwambia fundi upande wa sebule mara kadhaa. Nimemchorea kwenye karatasi: mlango huu hapa, ukuta huu hapa, ngazi hii hapa, ukutani hapana. Akaichukua karatasi, akaitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

"Nimekuelewa, bosi," akasema.